Bwana Afya na Mama Karanga Meza Moja: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Uhalifu wa Chakula Malindi

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kununulia jiko la hoteli moja hapa Malindi: samaki alfajiri, mboga na viungo saa tatu, maziwa jioni. Asubuhi moja ya upepo wa kusi, samaki wakiwa haba, mama karanga (mwanamke anayekaanga samaki na kuuza) niliyezoea kununua tafi kwake aliniuma sikio kuhusu gunia la ng'onda lililoshushwa hatua chache kutoka kwenye karai lake. "Mwanangu, lile usilichukue. Tazama, hata nzi hatui." Nikatazama. Ng'onda walikuwa wazi juani na hapakuwa na nzi hata mmoja. Walikuwa wamepuliziwa dawa ya wadudu. Nikamuuliza mbona hamwambii bwana afya. "Nimwambie nini? Akija atafunga na karai langu mimi."

Wiki hiyohiyo nilizungumza na afisa mmoja wa afya. Alilalamika kwamba soko zima hakuna anayemletea habari, na yeye ni mmoja, hawezi kusimama kila kona. Yule mama alikuwa na habari bila mamlaka, na afisa alikuwa na mamlaka bila habari. Katika pengo lililo baina yao ndimo anamoponea mdanganyifu wa chakula.

Mwongozo huu ni wa kuliziba pengo hilo. Nimewaandikia wenye maduka, mama karanga, matajiri wa samaki, wapishi wakuu, wenye mashine za kusaga na wauza maziwa wa Malindi, pamoja na maafisa wa kaunti na wa serikali kuu wanaotakiwa kuwasimamia. Hauhitaji jengo wala fungu la bajeti. Unahitaji watu kumi hivi wenye nia, daftari, na subira ya mwaka mmoja.

Tunapambana na nini hasa

Tutofautishe kosa na uhalifu. Mpishi aliyesahau kufunika sufuria amekosea, afundishwe. Anayetia rangi ya viwandani kwenye pilipili ya unga ili iuzike amekusudia kumdanganya mlaji apate pesa. Ukaguzi tuliouzoea, wa sakafu, choo na cheti cha afya cha wahudumu, uliundwa kumnasa mzembe. Mdanganyifu haumnasi, kwa kuwa mara nyingi duka lake ndilo safi kuliko yote na makaratasi yake ndiyo yaliyonyooka.

Uingereza, ambako kitengo cha taifa cha kupambana na uhalifu wa chakula kilianzishwa mwaka 2015, hugawa uhalifu huu mafungu saba, na yote saba ukiyatafutia mfano pwani yetu utaupata. Kuna wizi wa chakula, kama katoni za kamba zilizotoweka njiani na kuibuka sokoni. Kuna uchinjaji na usindikaji haramu: ng'ombe aliyekufa mwenyewe, yaani kibudu, akachunwa kichakani na kufikishwa buchani bila muhuri wa daktari wa mifugo. Kuna kurudisha sokoni kilichokwisha kuwa taka, kama tende zilizopitwa na muda zinazotiwa kwenye pakiti mpya wiki mbili kabla ya Ramadhani. Kuna kuchanganya: maji kwenye maziwa, sukari guru kwenye asali. Kuna kubadilisha, pale mgeni anapolipia nguru akaletewa mnofu wa samaki wa bei ya chini. Kuna kudanganya kwa maelezo, kama mchele wa nje uliopakiwa kwenye gunia lililoandikwa pishori ya Mwea. Na kuna hati bandia, kuanzia kibali cha usafirishaji hadi alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iliyochapwa uchochoroni.

Chumvi pia imo, na watu wengi huisahau. Kaskazini yetu, Gongoni, Ngomeni na Kurawa, ndiko inakovunwa sehemu kubwa ya chumvi ya nchi hii. Tangu 1978 sheria ya Kenya inataka chumvi ya kuliwa na binadamu itiwe madini joto. Chumvi ya mifugo ina bei ya chini zaidi, na ukiitia kwenye mfuko wa rangi nzuri, macho hayaitambui. Mtoto atakayekosa madini joto kwa miaka hataumwa tumbo leo, kwa hiyo hakuna atakayelalamika. Uhalifu wa namna hii hauwezi kugunduliwa kwa kungoja malalamiko.

Kwa nini serikali haiwezi peke yake, na wafanyabiashara hawawezi peke yao

Mnamo Januari 2013 wakaguzi wa Ireland walitangaza matokeo ya vipimo vya baga zilizouzwa kama nyama ya ng'ombe. Kati ya 27 walizopima, 10 zilikuwa na chembechembe za farasi, na moja kati ya hizo karibu theluthi ya nyama yake ilikuwa farasi. Kashfa ilienea Ulaya nzima. Serikali ya Uingereza ikamwomba Profesa Chris Elliott wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, achunguze, na ripoti yake ya 2014 ikazaa kitengo nilichokitaja. Ninalolithamini zaidi ni lile walilofanya wenye viwanda wenyewe. Mwaka 2015 walianzisha mtandao wa kukusanya matokeo ya vipimo ambavyo kila kampuni hujifanyia. Mtu wa kati huyafuta majina ya kampuni, kisha picha ya jumla huonyeshwa wote, serikali ikiwemo. Kampuni iliyokuwa ikificha matokeo mabaya kwa kuogopa aibu ilipata njia ya kuyasema bila kujianika.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi sisi tunaokula pilau na biriani. Bangladesh, kuanzia miaka ya 1980, baadhi ya wasindikaji wa manjano walianza kupaka mizizi rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae. Risasi huharibu ubongo wa mtoto akiwa bado hajaanza kusema. Mwaka 2019 watafiti walipopima manjano masokoni, asilimia 47 ya sampuli zilikuwa na risasi. Mamlaka ya chakula ya nchi hiyo haikukimbilia kufunga masoko. Iliwaita wafanyabiashara, ikawaeleza madhara, ikabandika matangazo ya onyo, ikaenda sokoni na mashine ndogo ya mkononi inayotambua risasi papo hapo, na waliokaidi wakatozwa faini na mali yao ikachukuliwa mbele ya kamera. Ilipofika 2021, sampuli zenye risasi zilikuwa sufuri, na risasi katika damu ya wafanyakazi wa vinu ilishuka kwa karibu theluthi moja.

Katika habari hiyo ninaona mambo mawili yaliyokwenda sambamba. Walielimishwa, na walijua kwamba adhabu ipo. Ushirikiano usio na meno hugeuka kuwa vikao vya chai, na meno bila ushirikiano humfanya mama karanga anyamaze.

Hatua ya kwanza: chagueni bidhaa moja tu

Kikundi kinachotaka kusafisha soko zima kwa mwezi mmoja huvunjika mwezi wa pili. Chagueni kitu kimoja kwa miezi sita ya kwanza. Ili kukichagua, kaeni mjiulize: bei ya halisi na bei ya bandia zimepishana kiasi gani? Je, mnunuzi anaweza kutofautisha kwa macho, pua au ulimi? Bidhaa hupita mikono mingapi kabla ya kufika sahanini? Kuna msimu ambao inaadimika huku wanaoitaka wakiongezeka? Na anayeishika katikati ya njia ana mahali pa faragha pa kuifanyia mambo?

Swali la msimu lipewe uzito mkubwa hapa kwetu. Kusi inapovuma, ngalawa na mashua ndogo hazitoki kwa siku kadhaa, na samaki wa miamba hupungua. Lakini Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo wageni, Waitaliano hasa, hujaa hotelini na Watamu. Sahani zinaongezeka wakati ambapo bahari inatoa kidogo. Mahali hapo ndipo minofu isiyo na jina huanza kupata majina. Halikadhalika Ramadhani kwa tende, sukari, mafuta na unga wa ngano. Andikeni kalenda ya mwaka ukutani, mtie alama miezi ya hatari ya bidhaa yenu, na upimaji uangukie miezi hiyo.

Kama mngeniuliza mimi, ningewaambia muanze na manjano na bizari za unga, au na minofu ya samaki. Maziwa ni rahisi kupima na hutoa ushindi wa haraka, nayo pia si mwanzo mbaya.

Hatua ya pili: nani akae mezani

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo mlango wa kwanza kubisha ni ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo ya Malindi, chini ya Kaunti ya Kilifi. Msianze Nairobi. Bidhaa ikiwa samaki, ongezeni afisa wa uvuvi na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, wa mwalo (mahali samaki wanaposhushwa) husika, maana wao ndio wanaojua nani ameshusha nini. Ikiwa nyama, daktari wa mifugo. Ikiwa imefungwa na ina chapa, KEBS na mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia. Afisa wa mizani na vipimo aalikwe daima. Mizani iliyochezewa ni uhalifu wa chakula kama mwingine wowote, na ofisi yake husahaulika.

Polisi wasikae mezani kila kikao. Watafutieni mtu mmoja wa mawasiliano, ajulikane kwa jina na namba kwa mwenyekiti, aitwe jambo likiwa la jinai. Nimeona chumba kizima kikiganda kwa sababu tu sare iliketi mlangoni.

Upande wa biashara, kosa la kawaida ni kuwaalika wakubwa pekee: meneja wa hoteli, mwenye supamaketi, mwenyekiti wa chama. Habari haziko kwao. Ziko kwa mama karanga, kwa kijana wa kupakua barafu, kwa dereva wa lori la usiku, kwa msaga bizari. Angalau nusu ya viti vya biashara viwe vyao, na kikao kifanyike saa wanazoweza. Mama karanga hawezi kuja saa kumi na moja jioni; hiyo ndiyo saa ya karai lake. Na msizidi watu kumi na wawili. Uenyekiti uzunguke baina ya afisa na mfanyabiashara kila miezi mitatu, asije mmoja akaufanya mali yake.

Hatua ya tatu: makubaliano ya kurasa mbili

Yaandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, na kila mmoja atie sahihi. Hapa ndipo vikundi vingi hufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Andikeni bayana habari gani zitasemwa mezani: aina ya udanganyifu unaoonekana, bidhaa, mwezi, njia inayopitia, matokeo ya vipimo yasiyo na majina. Na zipi hazitasemwa: bei ambayo kila mmoja ananunulia au atauzia, wateja wake, kiasi cha akiba yake. Sababu si adabu tu. Wafanyabiashara washindani wakiketi pamoja wakapanga bei, Sheria ya Ushindani ya 2010 inawakamata, hata kama kikao kiliitwa kwa ajili ya usalama wa chakula. Mtu akianza kusema "tukubaliane nguru asishuke chini ya…", mwenyekiti amkatize na katibu aandike kwamba alikatizwa.

Jina la mtuhumiwa lisitajwe mezani kamwe. Tuhuma dhidi ya mtu hupelekwa kwa afisa mmoja aliyeteuliwa, kwa njia nitakayoieleza hatua ya sita. Meza ikigeuka mahali pa kutajana, mshindani atamtaja mshindani, na ndani ya mwezi mtakuwa mahakamani kwa kesi ya kuchafuliwa jina.

La tatu ni pesa. Wafanyabiashara wasiwalipie maafisa chakula cha mchana, nauli, wala "ahsante" ya sikukuu. Hata soda. Chai ya kikao ichangwe sawasawa au isiwepo. Sheria ya Kuzuia Hongo ya 2016 inataka mwenye nafasi ya mamlaka anayejua au kushuku hongo aripoti ndani ya saa 24, na inazitaka biashara binafsi ziwe na taratibu za kuizuia. Nukuuni kipengele hicho ndani ya makubaliano. Ninajua watu watasema ni ukali, kwamba kwetu mgeni hakaribishwi mikono mitupu. Lakini yule mama wa tafi aliogopa kusema kwa sababu hakujua bwana afya angekuja akiwa upande wa nani. Kikombe kimoja kilicholipiwa na tajiri wa samaki kingemthibitishia hofu yake.

La nne ni kuweka wazi kwamba kukaa mezani si msamaha. Mwanachama akikutwa na kosa atafuatwa kama mtu yeyote. Anachokipata ni hiki: akijitokeza mwenyewe kusema mzigo aliouziwa una shaka, kabla hajagunduliwa, jambo hilo litaandikwa na afisa atalizingatia. Afisa asiahidi zaidi ya uwezo wake; uamuzi wa mashtaka si wake.

Hatua ya nne: choreni njia, kisha hesabuni

Chukueni karatasi kubwa. Mnyoosheni mstari kutoka bidhaa inakozaliwa hadi mdomoni. Minofu ya samaki, kwa mfano: mashua ya Ngomeni au Mayungu, mwalo, tajiri aliyemkopesha mvuvi mafuta na nyavu, sanduku la barafu, pikipiki au probox, mkata minofu, friza, jiko la hoteli, menyu. Kwenye kila mkono ulizeni: hapa kuna nani, anaandika nini, na ni wapi samaki anapopoteza sura yake? Samaki mzima hujitambulisha mwenyewe. Akishavuliwa ngozi na kukatwa, jina lake ni lile aliloambiwa mnunuzi. Kwa hiyo ulinzi uwekwe palipo kisu.

Kisha hesabu. Hiki ndicho chombo chenye nguvu kuliko maabara yoyote nijuayo, na hakigharimu kitu zaidi ya kalamu. Kilo 100 za samaki mzima, ukitoa kichwa, mifupa, ngozi na matumbo, hukupa minofu ya kilo 40 hivi, pengine 50 samaki akiwa mnene. Sasa chukua msambazaji ambaye daftari la mwalo linaonyesha alinunua kilo 120 za nguru wiki ile, na risiti za hoteli tatu zinaonyesha aliwauzia kilo 90 za minofu ya nguru. Hata kwa hesabu ya ukarimu angepata 60. Zile 30 zimetoka wapi? Huenda alinunua mwalo mwingine, na akionyesha karatasi mambo yamekwisha. Huenda alitoa friza samaki wa katoni. Vyovyote vile sasa kuna swali lenye namba, na swali lenye namba halimtukani mtu.

Manjano ni rahisi zaidi. Mzizi mkavu ukisagwa hauongezeki. Kinu kilichonunua kilo 50 za mizizi na kuuza 65 za unga kimeongeza kitu. Mfanyabiashara anaweza kujifanyia hesabu hii peke yake, mara moja kwa mwezi, juu ya wale wanaomuuzia, kabla hata afisa hajabisha. Kinachohitajika ni risiti, na biashara yetu ya samaki bado inaendeshwa sana kwa mdomo. Ndiyo maana ahadi ya kwanza ya wanachama iwe ndogo hii: hakuna kinachoingia jikoni au dukani bila karatasi yenye tarehe, aina, uzito na alikotoka. Hata ikiwa imeandikwa kwa mkono juu ya ganda la pakiti.

Hatua ya tano: vipimo na sampuli

Vipimo viko vya daraja mbili, msichanganye. Vya daraja la kwanza hufanyika papo hapo, hutoa shaka, havitoi hukumu.

Maziwa ya ng'ombe yasiyotiwa kitu husoma kati ya 26 na 32 kwenye laktomita, kile kifaa kinachoelea cha kupima uzito wa maziwa, yakiwa na joto la nyuzi 20. Yakisoma 22, shaka ni kwamba yametiwa maji. Lakini mjanja huongeza maji kisha sukari au unga kidogo ili namba ipande tena, kwa hiyo tieni tone la iodini ndani ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa: yakigeuka buluu kuna wanga. Chumvi ina kifaa chake kidogo cha matone, kinachobadilika rangi pakiwa na madini joto. Pakiti yenye alama ya KEBS, tuma SM# ikifuatiwa na namba ya kibali kwenda 20023, usome jibu linataja bidhaa na mtengenezaji yuleyule. Jaribuni hili hapohapo kaunta. Dakika moja tu.

Samaki, nunueni wenye ngozi na kichwa pale inapowezekana, mkate wenyewe. Hapa si suala la bei tu. Bunju akichunwa hufanana na mnofu mwingine wowote, na sumu yake haitoki kwa kupikwa. Jodari au nguru aliyekaa bila barafu hutengeneza histamini, sumu ambayo moto hauitoi wala friza haiitoi. Mlaji huwashwa na uso ukawa mwekundu ndani ya saa chache. Anayempaka samaki wa namna hiyo rangi ili aonekane mpya anacheza na roho za watu.

Manjano yenye risasi hakuna kipimo cha jikoni cha kukitegemea. Nunueni mizizi mizima isiyong'aa kupita kiasi, sageni wenyewe, na pelekeni sampuli maabara. Mahindi na karanga vilevile. Sumukuvu haionekani. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa nchi, Makueni na Kitui zikiathirika zaidi, na kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni.

Daraja la pili ni maabara, na maabara zilizo karibu nasi ziko Mombasa, kilomita 120 hivi: KEBS na Mkemia wa Serikali. Safari hiyo ndiyo inayoharibu kesi. Sampuli ichukuliwe na afisa, mbele ya mwenye bidhaa, igawanywe mafungu matatu kwenye mifuko safi: moja la maabara, moja la mwenyewe, moja la kuhifadhiwa. Kila mfuko utiwe lakiri, uandikwe tarehe, saa, mahali na uzito, wote watie sahihi. Samaki na maziwa yasafiri ndani ya barafu. Kila anayeupokea mzigo njiani aandike jina na saa. Wakili wa mshtakiwa ataanzia hapo, na ana haki.

Gharama ya vipimo vya kila mwezi inaweza kuchangwa na wanachama, lakini pesa ziende moja kwa moja maabara, zisipite mkononi mwa afisa. Na mfuateni ule mfano wa Uingereza: tafuteni mtu wa kati, wakili au mhasibu wa chama cha akiba anayeaminika, apokee matokeo ya vipimo ambavyo kila biashara imejifanyia, afute majina, awasomee wote jumla. "Kati ya sampuli nane za bizari, tatu zimeanguka, zote kutoka mzigo ulioingia baada ya Maulidi." Hiyo inatosha kuamsha soko.

Hatua ya sita: mlango wa nyuma wa fununu

Mtu mmoja tu apokee fununu, awe afisa, asiwe na duka wala ndugu mwenye kinu. Awe na simu ya kazi hiyo peke yake. Asiandike jina la aliyemletea habari kwenye daftari linaloonwa na wengine, atumie alama. Aulize mambo matatu: umeona mwenyewe au umesikia? Lini mara ya mwisho? Ni watu wangapi wengine wangeweza kulijua hili? Swali la tatu ni la kumlinda msema. Kama jambo linajulikana na watu wawili tu, ukaguzi ukifanyika kesho yake, aliyesema atajulikana. Subirini siku kadhaa, kagueni maduka matano mfululizo, lile liwe la nne. Isipokuwa chakula ni cha kuua leo. Hapo hakuna kusubiri.

Fununu ya aliyesikia isifukuzwe. Iandikwe, iwekwe. Zikifika tatu kutoka kwa watu wasiojuana, zimekuwa jambo.

Na mrudishie jibu aliyekuambia. Si lazima umpe undani, mwambie tu "tulikwenda, tumechukua hatua." Mama karanga aliyesema akaachwa bila neno hasemi mara ya pili, na atawaambia wenzake wasiseme.

Hatua ya saba: siku kinapopatikana

Mwenye duka akishuku mzigo: auondoe rafuni, aufunge kando, auandike "usiuzwe", apige simu. Asiurudishe kwa msambazaji kimyakimya ili apate pesa zake, maana utauzwa kwa jirani. Asiutupe pia, ni ushahidi. Hili la kurudisha ni gumu, ninalijua. Gunia la mchele ni mtaji wa wiki nzima kwa duka dogo. Kwa hiyo kikundi kikubaliane mapema kumsaidia mwanachama kudai fidia kwa msambazaji kwa barua ya pamoja.

Afisa akithibitisha, mali iangamizwe mbele ya mashahidi kutoka pande zote mbili, ipimwe uzito kabla, na picha zipigwe. Mwaka 2023 nchi nzima ilisikia habari ya mifuko 20,000 ya sukari iliyoingizwa 2018, ikakataliwa kwamba haifai kuliwa, ilipangiwa kugeuzwa spiriti ya viwandani, kisha ikatoka ghalani. Maafisa 27 walisimamishwa kazi. Chakula kilichokataliwa na kuachwa ghalani bado kina bei.

Taarifa kwa umma itolewe na msemaji mmoja, itaje mzigo, namba yake na tarehe, na iseme pia kisichohusika. Methali ya samaki mmoja akioza huwaumiza wasio na hatia: redio ikisema "samaki wa Malindi wana sumu", karai za mama karanga wote hulala baridi wiki mbili, na yule mmoja aliyepulizia dawa anahamia Mambrui.

Hatua ya nane: jueni kama mnafaulu

Msihesabu vikao wala waliokamatwa. Kabla hamjaanza, mtumeni mtu asiyejulikana sokoni akanunue sampuli ishirini za bidhaa yenu, kama mteja wa kawaida, mkazipime. Andikeni ngapi zimeanguka. Baada ya miezi sita rudieni vilevile, msimu uleule wa hatari ikiwezekana, maduka mchanganyiko. Namba ikishuka endeleeni na bidhaa ya pili. Isiposhuka, rudini kwenye karatasi ya njia. Kuna mkono hamkuuona.

Kikao cha kwanza

Kifanyeni siku ya kazi isiyo Ijumaa, saa nne asubuhi, baada ya samaki wa alfajiri kuuzwa na kabla ya adhuhuri. Banda la BMU linafaa kuliko ofisi ya serikali. Mama karanga ataingia bila kuulizwa kitambulisho. Ajenda iwe mambo manne tu: kusoma rasimu ya makubaliano, kuchagua bidhaa, kumteua mpokea fununu, na kupanga ile sampuli ishirini za mwanzo. Afisa azungumze wa mwisho. Wa kwanza awe yule anayekaanga, aulizwe swali moja: ni kitu gani sokoni ambacho wewe mwenyewe humlishi mwanao? Katibu aandike jibu lake neno kwa neno.